Mabuti ya ujana, kisigino cha miaka 48

*"Assalaam aleykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 48, nafanya kazi ya ofisini kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Tangu ujanani nalitamani yale mabuti meusi ya ngozi, soli nene, yenye uzi wa manjano ukingoni, ya vijana wa muziki wa roki. Wakati ule pesa sina, na babangu angenifukuza. Januari niliyapata soko la Kongowea, ya mtumba lakini mazima, namba 39, namba yangu tangu shule. Navaa kazini na matembezini, mara nyingine ndani ya buibui. Binti yangu alifurahi hata mwezi wa Februari akaniletea raba za turubai za Converse, ndizo navaa jioni nikienda kutembea ufukoni kwa Mama Ngina nipunguze mwili. Sasa tangu katikati ya Machi kisigino cha kulia chaniuma, hasa nikiamka alfajiri kuswali. Hatua za mwanzo ni kama nimekanyaga msumari. Nikizungukazunguka jikoni yaachilia, jioni yarudi. Kidole gumba nacho chabanwa kidogo kwenye mabuti. Tulihamia nyumba mpya mwisho wa mwaka, yote vigae, na nyumbani huwa peku au na patipati. Dadangu mkubwa asema haya ndiyo malipo ya kujitia ujana, kwamba mabuti mazito yataniharibu miguu na mgongo, nirudi kwenye viatu laini vya kina mama. Kwenye duka la dawa nimeambiwa ni mfupa umeota, nidungwe sindano. Mamangu ana sukari, mimi sijapima. Je, mabuti ndiyo yamenidhuru? Na kwa umri huu, niyaache?"*

Waaleykum salaam dada. Kwanza nikusahihishe, nisije nikajivika joho lisilo langu: mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni misuli, viungo na mwendo, na hapa Mombasa wengi wanaonijia huja wakichechemea.

Barua yako ina maswali mawili uliyoyafunga kitita kimoja. Moja ni la kisigino. La pili ni la dada yako, nalo ameliazimia maneno ya kitabibu: anaona haya kukuona umevaa hivyo, kisha anasema mgongo utaharibika. Nianze na la dada kwa kuwa ni fupi.

Hayo mabuti unayoyaita ya vijana, kwa jina Dr. Martens, yalizaliwa na mguu mgonjwa wa mtu mzima. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Ujerumani, Klaus Märtens, aliumia kifundo cha mguu akiteleza kwa mbao kwenye theluji. Buti la jeshi likawa halivaliki, akajishonea la ngozi laini na kulitia soli yenye vyumba vya hewa ndani. Yeye na mwenzake Herbert Funck walianza biashara mwaka 1947, wakitumia mipira chakavu iliyotoka kwenye viwanja vya ndege vya kijeshi, na katika miaka kumi ya mwanzo sehemu kubwa ya wateja wao walikuwa wanawake waliopita miaka 40. Naam, kina mama wa nyumbani wa Kijerumani waliochoka miguu. Baadaye kiwanda kimoja cha Uingereza kikanunua haki za ile soli, kikatoa buti la matundu manane tarehe 1 Aprili 1960, likavaliwa na wapeleka barua na watu wa viwandani. Vijana wa magitaa walifika baada ya hao wote. Kwa hiyo kama kuna mtu ameazima kiatu cha mwenzake, ni wao walioazima chako.

Na soli nene hata kwetu si ngeni. Bibi zetu wa pwani walitembea juu ya mitalawanda, viatu vya mti vilivyoinuka kutoka chini, kidole gumba na cha pili vimebana kile kijiti. Hakuna aliyewaambia wanajitia ujana. Aibu yenyewe mimi sina chombo cha kuipimia, hilo litabaki baina yako na dada yako. Lakini asilitie kwenye kisigino chako, maana huko ushahidi wake ni mdogo.

Sasa kisigino.

Maumivu uliyoyaeleza, yale ya msumari hatua za mwanzo za alfajiri, yanayoachilia ukitembea na kurudi jioni, yana sura ninayoijua vizuri. Siwezi kuthibitisha bila kukushika mguu, ila ningeletewa barua kumi za namna hii, tisa ningezitilia shaka kitu kimoja: ukanda wa unyayo. Chini ya unyayo, kutoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vitako vya vidole, kuna ukanda mpana, mgumu, usiovutika sana. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu usibonyee. Kila unapoinua kisigino kupiga hatua, vidole hukunjika kwenda juu, na ukanda ule huzungushwa chini ya kitako cha kidole gumba kama kamba inavyopita kwenye roda ya jahazi. Kamba ikivutwa, upinde unainuka na mguu unakuwa mgumu, tayari kukusukuma mbele. Ni ufundi wa ajabu, nawe waufanya maelfu ya mara kila siku bila kuuwaza.

Mahali ukanda ulipojishikiza kwenye kisigino, upande wa ndani, ndipo mzigo wote unapotua. Ukiuongezea kazi kwa haraka kuliko unavyoweza kujijenga, nyuzi zake huanza kuchakaa pale pale. Zamani tulidhani ni uvimbe wa moto tu, kama kidonda kilichoiva. Sasa tunajua kwamba kwa walioumwa kwa miezi ni uchakavu zaidi kuliko uvimbe, na ndiyo maana tembe za kutuliza maumivu hukupa siku mbili tatu za nafuu kisha mambo yakawa yale yale.

Kwa nini alfajiri? Unapolala, mguu hujilaza vidole vikielekea chini, na ukanda hukaa umelegea na kufupika usiku kucha. Shavu la mguu nalo hufupika, na kupitia kisigino mvuto wake hufika kwenye ukanda ule ule. Ukisimama ghafla kwenda kutawadha, mwili wako mzima unauvuta kwa mpigo mmoja. Baada ya hatua hamsini umeshalainika kidogo, ndiyo hiyo nafuu ya jikoni. Jioni ni uchovu wa siku nzima.

Na kwa nini miaka 48 na si 18? Hapa umri una neno lake, nisikufiche. Chini ya kisigino una mto wa mafuta, umegawanywa vijumba vijumba kama sega la nyuki, unaopokea kishindo kila unapokanyaga. Kuanzia miaka ya 40 hivi mto huo huanza kupungua unene na kupoteza unyumbufu wake. Ukanda wenyewe huwa mkavu zaidi. Mashavu ya miguu hukaza, hasa kwa anayeketi kwenye kiti cha ofisi kutwa. Mwili nao huongezeka, na kila kilo ya ziada hupitia tundu lile lile. Maumivu haya huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wavae mabuti, wavae mchuchumio au wavae makubadhi ya Pate.

Tufuate basi kalenda yako uliyoiandika mwenyewe bila kuitilia maanani. Mwisho wa mwaka, nyumba ya vigae na miguu peku. Januari, mabuti. Februari, raba za turubai na matembezi ya jioni ambayo awali hukuwa ukiyafanya. Machi, maumivu. Mabuti ulikaa nayo kama miezi miwili, kazini na barabarani, kisigino hakikusema kitu. Kilisema wiki chache baada ya raba na Mama Ngina.

Raba zile nazipenda kwa macho. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1917, Converse ya turubai ilikuwa kiatu cha mpira wa kikapu; leo wachezaji wakubwa hawaichezei, na sababu unaweza kuihisi kwa kidole. Soli ni bapa, kisigino kiko sawasawa na vidole, upinde haupati pa kuegemea, na ukikibonyeza ndani kwa kidole gumba unagusa ugumu upesi. Mtu aliyezoea kutembea peku tangu utotoni, shavu la mguu refu na laini, huivaa bila shida. Wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi, ukaongeza matembezi kwa ghafla juu ya saruji, na ukirudi nyumbani mguu hauna mapumziko: unakutana na vigae. Patipati nazo zinavaliwa mpaka zimekonda kama chapati, na vidole vinazikamata kwa nguvu zisichopoke.

Mabuti yako, kwa upande wake, yana kisigino kilichoinuka kidogo kuliko mbele, jambo linalompunguzia shavu la mguu mvuto. Soli yake ina hewa. Ni magumu yasiyojikunja ovyo katikati. Kwa kisigino kinachouma namna yako, kati ya viatu vyote ulivyonitajia, hayo ndiyo ningekuacha uyavae. Viatu laini vya kina mama anavyovisifu dada yako, vile vyembamba vinavyokunjika mara mbili ukaviweka kwenye mkoba, ningeviweka kapu moja na patipati. Ulaini wa kiatu mkononi na wema wake mguuni ni vitu viwili mbalimbali.

Simaanishi matembezi uyaache, wala kwamba raba ni sumu. Kilichokuumiza kwa dhana yangu ni mchanganyiko: mzigo ulioongezeka kwa haraka, juu ya sakafu ngumu, kwa viatu visivyosaidia. Ungeanza na dakika kumi na tano ukaongeza kidogo kidogo kila wiki, pengine usingeniandikia. (Na mihogo ya kukaanga ya pale Mama Ngina, kama nia ni kupunguza mwili, hiyo nitajifanya sikuiona.)

Hata hivyo, mabuti yana kosa lake, nalo umelitaja kwa maneno manne tu: "namba yangu tangu shule". Dada, huna tena mguu wa shule. Mishipa inayofunga mifupa 26 ya mguu hulegea mwaka hadi mwaka, upinde hushuka kidogo, na mguu hutanuka na kurefuka. Kwa wanawake uzazi huchangia: wengi mguu huwa umeongezeka baada ya mimba ya kwanza na haurudi ulipokuwa. Nimeona kina mama wanaovaa namba ile ile miaka thelathini, wakadhani kubanwa ndiyo tabia ya viatu.

Hesabu yake ni rahisi. Namba za Ulaya huenda kwa theluthi mbili za sentimita. Namba 39 maana yake ile kalibu ambayo kiatu kilishonewa, mafundi wanaiita lasti, ina urefu wa karibu sentimita 26. Ndani yake mguu unahitaji nafasi ya sentimita moja au moja na nusu mbele, kwa sababu mguu husogea mbele unapotembea na hujaa joto linapopanda. Basi 39 humfaa mwenye mguu wa sentimita 24 na nusu hadi 25. Jipime jioni, si asubuhi, maana kwa joto letu la kaskazi mguu wa saa kumi na moja jioni si ule wa alfajiri. Weka karatasi sakafuni, kisigino ukutani, simama kwa uzito wako wote, mtu mwingine akuchoree mstari. Pima miguu yote miwili na ufuate mkubwa. Halafu lisimamishe buti lako juu ya mchoro huo huo. Mchoro ukichungulia pembeni mwa ngozi kwenye vitako vya vidole, hapo umepata jibu la kidole gumba kinachobanwa.

Ukikuta mguu umefika sentimita 25 na ushei, huo ni mguu wa 40. Usijidanganye kwamba ngozi itatanuka. Hutanuka upana kidogo, na fundi mwenye kalibu nzuri anaweza kuivuta pale kwenye kinundu cha kidole gumba. Urefu hauongezeki hata ukiyalowesha na kuyavaa wiki nzima. Yauze au mpe binti yako, urudi Kongowea.

Kwa kuwa utarudi Kongowea, nikwambie la mtumba. Kiatu cha mtumba kimeshamjua mtu mwingine. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma: kama kisigino kimelika upande mmoja na kiatu kinaegemea kama mlevi, kitakuegemeza nawe. Ingiza mkono ndani upapase shimo la kidole cha mwenyewe wa zamani. La pili ni la soli, na hili limewaliza wengi hapa kwetu. Ziko soli za povu la poliyurethani, nyepesi na laini, nyingi zimo kwenye mabuti ya kisasa ya vijana na raba nene. Povu hilo huliwa na unyevunyevu. Unyevu wa hewa pamoja na joto hukata taratibu zile nyuzi zinazolishikanisha, hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Mwisho siku moja uko Likoni unashuka feri na soli inamomonyoka kama kaimati ya juzi. Kabla hujalipa, bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha na ulikunje buti kwa nguvu: ukiona nyufa ndogo ndogo, unga, au ukucha unazama na alama hairudi, lirudishe mezani hata likiwa na bei ya bure. Hayo yako, kama ni ya asili na si ya kuiga, soli yake ni ya plastiki ya aina nyingine isiyooza hivyo, na uzi wa manjano ni mshono wa kweli, si pambo.

Sasa uzito, lile la mgongo. Dada yako hajakosea kabisa. Uzito uliofungwa mguuni hugharimu nguvu nyingi kuliko uzito uo huo ukiubeba mgongoni. Wanaopima askari kwa miaka mingi wamekuta ni takriban mara tano. Kwa hiyo mabuti mazito yatakuchosha mapaja na nyonga siku ya mbio za huku na huku, na siku hiyo usiyavae. Lakini kuchoka ni jambo moja na kuharibika uti wa mgongo ni jingine. Mgongo wako una habari zaidi na saa nane za kiti kuliko na gramu za buti.

Kama ungeniambia umenunua yale yaliyoinuliwa soli nzima, vidole na kisigino juu ya tofali la sentimita sita au saba, ningekuwa mkali zaidi. Hatari yake kubwa ni kifundo cha mguu kuliko kisigino: unakuwa juu, huihisi ardhi, na njia za Mji wa Kale zina mawe yake na mitaro yake. Kupinduka kwa kifundo kwenye miaka ya hamsini si mchezo wa siku tatu, hasa kwa mwanamke ambaye hedhi imeanza kukatika na mifupa inapoteza uimara. Kwenye harusi, kuketi na kupiga picha, sawa. Kushuka tuktuk na kuvuka barabara ya Digo, la.

Lile la mfupa ulioota. Ukipigwa eksirei huenda mwiba mdogo wa mfupa ukaonekana kweli chini ya kisigino. Usiuogope. Watu wengi wanao na hawajaumwa hata siku moja, na wengi wanaoumwa hawana. Mwiba ni alama ya mahali palipovutwa miaka mingi. Anayeumia ni ukanda na nyama zilizo jirani yake. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie matibabu ya mwiba.

Sindano, kama ni ya steroidi, ina mahali pake, ila si kwenye benchi la duka la dawa. Mara nyingi hutuliza kwa wiki kadhaa, na kwa mtu aliyeshindwa hata kufanya mazoezi, muda huo una thamani. Bei yake ni kwamba ikirudiwarudiwa huweza kuupunguza ule mto wa mafuta tuliousema, ambao hauoti tena, na mara chache huweza kuukata ukanda wenyewe. Tena kwa mwenye sukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na wewe hujajua uko upande gani. Mimi ningeiweka mwisho wa foleni.

Mbele ya foleni ningeweka mambo yasiyo na gharama, na ambayo kwa hiyo watu huyadharau. Kabla hujatia mguu chini alfajiri, kaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi unyayo umekaza kama ugwe. Hesabu kumi, achia, mara kumi. Ndipo usimame, na usimame ndani ya kiatu, si juu ya kigae. Mchana, mara mbili tatu, simama mbele ya ukuta, mguu mbaya nyuma, goti limenyooka, kisigino hakiinuki, jisukume mbele mpaka shavu la mguu livutike. Nusu dakika, mara tatu. Ofisini mwako kuna ukuta, hakuna udhuru.

Halafu la kujenga nguvu. Hili ndilo linaloponya kwa muda mrefu, na ndilo linaloachwa. Simama ukingoni mwa ngazi, chini ya vidole weka taulo iliyokunjwa ili viinuke, shika ukuta. Inuka kwa ncha za miguu polepole kwa kuhesabu tatu, kaa juu kwa mbili, shuka kwa tatu. Anza kwa miguu yote miwili, ukizoea tumia mmoja. Mara kumi na mbili, raundi tatu, siku moja ufanye na inayofuata upumzike. Patauma kidogo, na kuuma kidogo kunaruhusiwa mradi kesho yake asubuhi pasiwe pabaya kuliko jana. Pakizidi, umepitiliza, rudi nyuma.

Nyumbani nunua champali nene zenye mto na mkanda wa nyuma, ziwe za ndani tu, zikae mlangoni mwa chumba cha kulala. Kwa wiki sita usikanyage vigae peku ila kwenye msala na bafuni. Matembezi yapunguze nusu, uyafanye kwa raba za kukimbilia zenye kisigino kinene, na Converse za binti zisubiri matembezi ya kukaa. Unaweza kuzitia soli ya ndani yenye mto. Zile za bei ndogo za dukani kwa wengi hufaa sawa na za kutengenezewa kwa maelfu ya shilingi, kwa hiyo anza na za bei ndogo.

Nisikudanganye kuhusu muda. Wengi sana hupona, lakini hupona kwa miezi. Miezi mitatu ukifanya bidii utahisi tofauti. Wengine huchukua mwaka. Anayekuahidi wiki moja ana kitu cha kukuuzia.

Mabuti yenyewe, yakikuenea, yavae siku moja na kuyapumzisha siku inayofuata. Mguu wa Mombasa ndani ya ngozi iliyofungwa hutoa jasho jingi, na ngozi haikauki usiku mmoja. Ukivaa mfululizo unafuga fangasi baina ya vidole, na wale ukishawakaribisha hawaagi. Soksi za pamba, za kubadilisha mchana kama umelowa. Yaanike kivulini penye upepo, jua kali hukausha ngozi ikapasuka. Unapofunga kamba, kaza pale kifundo kinapokunjika ili kisigino kikae nyuma mahali pake, na ulegeze matundu ya juu ili ukingo usikusage ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Wengi hufanya kinyume.

Yako mambo ambayo barua haiyatoshi, na hapa sitaki unisubiri mimi. Kwanza sukari. Mama yako anayo, una miaka 48, unajaribu kupunguza mwili, na hujapima: nenda wiki hii asubuhi hujala kitu, kituo chochote cha afya watakupima. Ikionekana unayo, mazungumzo yote haya ya viatu yanabadilika. Mguu wa mwenye sukari unaweza kupoteza hisia pole pole, na buti linalobana huweza kuuchimba kidonda mtu asijue mpaka aone damu kwenye soksi. Huyo hanunui kiatu kwa kuhisi, hununua kwa kupima, na kila siku huingiza mkono ndani ya buti kabla ya mguu, kisha hutazama nyayo zake kwa kioo.

Muone daktari pia kama kisigino kinauma usiku umelala. Kama umesikia kitu kimekatika ghafla na unyayo ukavilia damu. Kama kuna ganzi, moto au vijisindano. Kama ukikibana kisigino pande mbili kwa viganja unaruka kwa maumivu, maana hapo yawezekana mfupa umepata ufa. Visigino vyote viwili vikiuma pamoja na kiuno kugandamana kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huo ni mlango mwingine kabisa, wa ugonjwa wa viungo. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likapata moto na kuuma, usilinyooshe ukutani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiwa huna hata moja katika hayo, fanya nilivyosema kwa wiki sita. Pasipobadilika kitu, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya rufaa ya Makadara wapo, na za binafsi pia. Ukienda, beba mfuko wenye mabuti, raba, patipati zilizokonda na viatu unavyokwenda navyo kazini siku nyingine. Usivifute vumbi wala usivipeleke kwa fundi kwanza. Sisi husoma soli kabla hatujamshika mtu mguu, na kiatu kilichosafishwa hakina la kusema.